Sanduku la Unyevu la Kuoteshea Maua
(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia, Eldoret)

Tumekuja na sanduku lenyewe, liko pale chini ya mti, mtaliona tukimaliza.

Mwajua sisi huuza maua ya mikebe kando ya barabara. Mwaka wa kwanza tulikata vipandikizi 300 vya waridi, bogenvilia na fikasi, tukavipanda kitaluni mwezi wa Januari. Tukamwagilia asubuhi na jioni. Vilikauka karibu vyote! Pesa za kikundi zikaenda, na watu wakaanza kuulizana ni zamu ya nani haikumwagilia. Hiyo ilituumiza kuliko hasara.

Kumbe shida haikuwa udongo, ni hewa. Kipandikizi hakina mizizi, sasa kitakunywa na nini? Huku kwetu tuko juu, karibu mita 2,100, na kuanzia Desemba hadi Machi hewa ni kavu na jua kali. Jani linapoteza maji na hakuna wa kulirudishia.

Mwaka 1990 watafiti wa miti kutoka Edinburgh, Uskoti, walieleza sanduku linalofaa nchi za joto, lisilotaka stima wala maji ya mfereji. Letu tulilijenga kwa mabanzi ya saiprasi, urefu mita moja na nusu, upana mita moja. Nyuma ni juu kidogo kuliko mbele. Ndani tulitandika karatasi nzito ya plastiki ili maji yasivuje. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini hii ya shambani ni kitu kingine.) Tulianza na mchanga kidogo, mawe yasitoboe plastiki, kisha mawe makubwa, halafu madogo, halafu kokoto, jumla kama sentimita 20. Juu kabisa, mchanga wa mto uliooshwa. Maji hukaa kwenye mawe, yasifike mchangani, maana vijiti vitaoza. Tulisimamisha kipande cha mwanzi pembeni, cha kumiminia maji na kupimia kwa kijiti. Kifuniko ni fremu yenye plastiki angavu, kifunge kabisa. Liwekeni kivulini, juani mtapika mboga.

Kateni asubuhi mapema, vijiti vya urefu wa kidole, mviweke kwenye gazeti lililoloa. Majani makubwa yakateni nusu. Kila mkifungua kifuniko, nyunyizieni maji kidogo kabla ya kufunga.

Sasa sikilizeni hapa, maana tulianguka mara ya pili. Vijiti vilitoa mizizi, tukafurahi sana. Wateja walikuwa wanangoja, mwenzetu mmoja akasema tuvitoe vyote siku hiyo hiyo. Tukakubali sote, hatumlaumu. Tukavitia mikebeni, tukavipanga nje. Kufika siku ya tatu majani yalikuwa yamelala. Mmea uliolelewa kwenye unyevu haujui upepo. Siku hizi, vikishahamia mikebeni, tunavirudisha sandukuni, kisha tunainua kifuniko kidogo kwa jiwe, kila siku zaidi, kwa wiki mbili hivi, ndipo tunavitoa nje, tena kivulini kwanza. Waridi hizi mbele yenu zilipita njia hiyo.

Jumamosi tutajenga la kwenu. Fundi tunaye. Kila mwanachama aje na banzi moja na karai moja la mawe, na mwenye nyundo asiisahau.