Reubeni Alichelewa

 

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, twasoma habari za Yusufu. Alikuwa na miaka 17, umri wa kijana wa kidato cha tatu au cha nne. Walioazimia kumwua hawakuwa wageni, bali ndugu zake wa baba mmoja. Reubeni, mkubwa wao, hakupenda damu imwagike. Aliwashauri wamtupe shimoni, na nia yake ilikuwa aje baadaye amtoe. Nia njema kabisa! Lakini aliporudi, alilikuta shimo tupu.

Nchi yetu inalijua shimo hilo. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, bweni lilitiwa moto usiku wavulana wamelala. Walikufa 67. Walioshtakiwa walikuwa wanafunzi wenzao wawili. Mwaka 1999, huko Nyeri, viranja wanne waliuawa kwa moto uliowashwa na wenzao. Baada ya maafa ya namna hii sisi wazazi huuliza habari za makufuli na vyuma vya madirishani, na ni haki kuuliza. Lakini hasira ya mtoto haianzi siku ya petroli.

Mwaka mmoja nilimsindikiza mwanangu Mwembe Tayari, baada ya mapumziko ya katikati ya muhula, apande basi la kurudi shule ya bweni huko bara. Mguu mmoja u katika ngazi, akaniambia, "Baba, kule usiku si kuzuri." Nikamjibu, "Haya, tutazungumza ukija likizo." Karo nilikuwa nimeilipa kwa taabu, na kusema kweli sikutaka kusikia neno la kuiharibu. Basi likashika njia ya Makupa. Nikarudi kwangu Kibokoni kwa miguu, na chakula cha jioni hakikushuka.

Kesho yake nilimfuata. Tulikaa chini ya mti, nyuma ya jiko la shule. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani nimepoteza nauli bure. Kisha akafungua shati, akanionyesha mgongo. Wakubwa walikuwa wakiwapiga wadogo kwa mikanda taa zikizimwa. Siku tatu alikuwa amelala nyumbani kwangu na alama zile, nami sikuziona!

Lakini lililonitetemesha ni neno alilosema baadaye kwa sauti ya chini, kwamba yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kupatana jinsi watakavyolipiza. Sikumkemea. Nilimshika mkono, tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu, naye akayarudia yote mbele yake huku akilia.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemwona Yusufu shimoni, uwaone vijana wetu mabwenini usiku huu, wanaopigwa na wanaopiga. Utupe sisi wazazi masikio kabla basi halijaondoka. Kwa jina la Yesu, Amina.