Jicho Hujuaje Mbali na Karibu?

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Bukundi)



Leo tumekuja na swali moja. Kwa nini mzee anayewatambua ng'ombe wake ng'ambo ya mbuga, kwa rangi na kwa pembe, anashindwa kusoma barua aliyoishika mkononi?

Mama mmoja aliacha kuja kisomoni. Tulipomfuata nyumbani alituambia, "Herufi zimenitoka kichwani." Tukamwandikia neno kwa mkaa ukutani. Alilisoma palepale, yeye akiwa amesimama mlangoni. Basi herufi hazikumtoka. Shida ilikuwa machoni.

Hebu tujaribu. Inua kidole mbele ya uso ukikazie macho. Mti ulio nyuma yake unaingia ukungu. Sasa tazama mti. Ukungu umehamia kwenye kidole! Jicho haliwezi kuona vizuri mbali na karibu kwa mara moja. Ni lazima lijirekebishe.

Kazi hiyo hufanywa na lenzi, kitu kidogo kiangavu kilicho nyuma ya mboni. Msuli umeizunguka kama pete. Ukitazama mbali, msuli hulegea na lenzi huwa bapa. Ukitazama karibu, msuli hukaza na lenzi hutuna.

Lakini msuli unajuaje kama ukaze au ulegee? Dalili ya kwanza ni ukungu wenyewe. Ila ukungu hausemi kosa liko upande gani. Ni kama mtu aliyepotea porini: anajua amepotea, hajui njia iko kulia au kushoto. Kwa hiyo ubongo hutafuta dalili nyingine. Ukitazama kitu cha karibu, macho mawili hugeuka kidogo kuelekea puani, na ubongo huipata habari hiyo. Kitu kikizidi kuwa kikubwa machoni, ubongo hujua kinakuja.

Tena kuna rangi, na hili lilitushangaza hata sisi. Mwanga mweupe umechanganyika rangi zote za upinde wa mvua. Zikipita kwenye lenzi hazikutani mahali pamoja: bluu hukutana mbele kidogo, nyekundu nyuma kidogo. Hivyo kingo za picha hupata wekundu au ubluu kidogo sana, kufuatana na upande wa kosa. Sisi hatuoni, ila ubongo unaona. Mwaka 1951 mtaalamu wa Uingereza, Edgar Fincham, alieleza alivyowapima watu kwa mwanga wa rangi moja tu. Macho ya baadhi yao yalishindwa kujirekebisha.

Sasa turudi kwa yule mama. Dalili zote hizo bado anazo. Ubongo wake unatoa amri kama zamani. Lakini lenzi hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na kuanzia kama miaka 40 haitutuni ya kutosha. Si uchawi, wala si kosa la mtu. Utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, mkoa wa Dodoma, ukachapishwa mwaka 2006, uliona hali hiyo kwa zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Fikirini basi: aliyefanya mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 akiwa na miaka 20 sasa amepita 70.

Unaweza kujipima. Toboa karatasi kwa mwiba, tundu dogo tu. Lisogeze karibu kabisa na jicho moja, usome gazeti hili juani. Maandishi yakikaa sawa, yaelekea miwani ya kusomea itakufaa. Ndiyo sababu wazee hutoka na barua nje: jua kali huifanya mboni kuwa ndogo kama tundu hilo.

Miwani hiyo hufanya kazi ambayo lenzi imeshindwa. Haiharibu macho, kama wengine wanavyodai. Lakini usiazime ya jirani ukaridhika. Anzia zahanati, uulize upimaji wa macho unafanyika wapi, hata kama ni kufika Mwanhuzi. Na ukiona ukungu hata kwa vitu vya mbali, usingoje miwani. Huenda ni mtoto wa jicho, na huo dawa yake ni upasuaji.

Yule mama sasa ana miwani. Juzi alitusahihisha tulipokosea kuandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio.