Bluetooth Haina Hatia: Mhadhara Kuhusu Sauti ya Spika za Kubebeka



Mhandisi mmoja ninayemheshimu alisimama katika kongamano akatangaza kwamba spika ndogo zinazouzwa Kitale na Bungoma zina sauti mbovu kwa sababu hazina waya. Muziki, alisema, hupotea njiani kati ya simu na spika. Ukumbi ukampigia makofi. Tangu hapo nimeyasikia maneno hayo kwa wauza simu, kwa madijei wa harusi, na sasa kwa wanafunzi wangu mwenyewe. Leo nataka kuyazika.

Naanza na ushahidi ambao kila mmoja wenu anaweza kuupata leo kabla ya kulala. Spika nyingi za soko letu zina tundu la flashi au la memori kadi. Piga wimbo kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kisha utie wimbo uleule kwenye flashi na uichomeke kwenye spika yenyewe. Sasa hakuna wimbi lolote la redio katika safari ya muziki huo. Kama bezi ilikuwa nyembamba, itabaki nyembamba. Kama mwimbaji alikuwa akisikika puani, ataendelea kusikika puani. Mtuhumiwa ametolewa chumbani na kosa lingali linatendeka.

Tuende kwenye hesabu. Spika ya Bluetooth inayopiga muziki lazima ielewe mbinu ya kubana sauti iitwayo SBC, ambayo kwa kiwango cha juu kinachopendekezwa hubeba takriban kilobiti 328 kwa sekunde. Linganisheni na MP3 za kilobiti 128 tunazogawiana: kilichopotea kilipotea zamani, siku wimbo ulipobanwa mara ya kwanza. Tena, Bluetooth ikizidiwa haina tabia anayoisema mwenzangu. Mawimbi yake yako kwenye gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, huyafyonza. Mtu akiketi kati ya simu na spika, muziki hukatikakatika. Haupungui bezi, wala hauwi wa puani. Dalili za ugonjwa huu na za ule ni mbali kabisa, na daktari asiyezitofautisha atatoa dawa ya malaria kwa mgonjwa wa jino.

Nitamkubalia jambo moja. Simu ikiichukua spika kuwa kifaa cha mazungumzo, huingia njia ya kupigia simu, ambayo katika umbo lake la zamani haipitishi masafa ya juu ya kilohezi 4. Hapo muziki huharibika kweli. Lakini hilo hurekebishwa kwenye mipangilio ya simu kwa muda mfupi.

Kuna pia hoja ya hewa. Wapo wanaoshikilia kwamba Kitale, kwa kuwa iko kwenye mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi hainyanyui sauti. Ni kweli kwamba hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 17 hivi, na koni inayosukuma hewa nyepesi hutoa sauti ndogo zaidi. Tofauti yenyewe ni desibeli moja na nusu. Kati ya Bungoma na Kitale haifiki hata nusu desibeli. Mvua ya Kitale ikigonga mabati hufunika muziki kuliko mwinuko wowote.

Na wati? Betri moja ya lithiamu ina volti 3.7. Amplifaya inayotumia volti hizo moja kwa moja, ikiwa na spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 2 hivi bila kukwaruza. Mtengenezaji anayetaka zaidi lazima aongeze saketi ya kupandisha volti au aunganishe betri kadhaa. Tarakimu za PMPO, yaani wati za kilele zinazodaiwa, zinazojaza ubavu wa boksi hazina kipimo chochote kinachokubalika nyuma yake. Hata wati za kweli zikiongezwa maradufu, sikio hupata desibeli 3 tu, yaani nyongeza ndogo inayosikika.

Basi kosa liko wapi? Liko kwenye koni na kwenye hewa iliyofungiwa nyuma yake. Ili noti ishuke oktava moja bila kupoteza nguvu, koni lazima isogee mara nne zaidi. Koni ya inchi 2 ina eneo dogo mara 16 kuliko ile ya inchi 8 iliyo kwenye sabufa, kwa hiyo ingebidi isogee mara 16 zaidi kusukuma hewa ileile. Haiwezi, itagonga mwisho wake na kukwaruza. Mtaalamu wa spika Josef Anton Hofmann aliliweka jambo hili vizuri: boksi dogo, bezi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, unaweza kupata viwili, cha tatu utakikosa.

Hapa naomba mnivumilie, maana nimefika kwenye andiko ninalolipenda kuliko yote ya fani yangu. Mwaka 1961 mhandisi wa Sydney, Neville Thiele, alichapisha katika jarida la wahandisi wa redio wa Australia makala kuhusu spika zilizo katika maboksi yenye tundu. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya kukisia: seremala anakata, anasikiliza, anakata tena. Thiele alionyesha kwamba koni, hewa ya boksi na tundu lake vinaweza kuhesabiwa pamoja kama saketi moja ya umeme, kichujio kinachofungua mlango kwa masafa ya juu na kuufunga kwa yale ya chini. Anayetaka kukijua kichujio hicho anahitaji vipimo vichache: masafa ambayo koni hutetema yenyewe ikiwa nje ya boksi, ujazo wa hewa unaolingana kwa ugumu na mshikio wa koni, na kiasi ambacho mtetemo hutulizwa. Kisha akapanga jedwali la mipangilio 28. Fundi mwenye vipimo vyake anatafuta mstari, anasoma ukubwa wa boksi, anasoma masafa ya kulengea tundu, anakwenda kukata mbao. Nimelisoma jedwali hilo tangu ujana na bado hunisisimua, kwa kuwa ndani yake bezi imepewa bei, na bei hiyo hulipwa kwa lita za hewa.

Makala ilikaa miaka kumi bila dunia kuijali. Jarida la Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti la Marekani lilipoichapisha tena mwaka 1971, huku Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akiiendeleza kazi hiyo, ndipo viwanda vilipoamka. Leo vipimo hivyo vinaitwa vya Thiele na Small kila mahali. Wanafunzi wa Bungoma wanaodhani kwamba elimu kubwa haiwezi kuandikwa mbali na Ulaya na Marekani wakisome kisa hiki.

Lakini Wabukusu walikuwa wakilipa bei hiyo ya lita za hewa kabla ya Thiele kuzaliwa. Agosti moja ya msimu wa tohara nilikuwa kwa shemeji yangu, upande wa Kimilili. Vijana waliotoka kupiga chinyimba, zile kengele za chuma za tohara, walikuwa wameweka spika ya kubebeka juu ya meza ya plastiki katikati ya uwanja, imepandishwa hadi mwisho, ikicheza rekodi ya litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu. Mlio wa chuma wa chinyimba kwenye rekodi ulikuwa ukipasuka, na uzi mzito wa litungu haukusikika kabisa. Mzee mmoja akaketi kwenye kigoda na litungu lake la kweli, akaanza kupiga. Uzi ule mzito ukafika hadi kwenye migomba. Chini ya nyuzi zake kulikuwa na bakuli pana la mti lililowambwa ngozi, na hewa ya kutosha ndani yake. Alipopumzika niliiondoa spika mezani nikaiweka chini, ikiwa imeegemezwa ukuta wa matofali. Bezi ikarudi kiasi, kwa sababu ardhi na ukuta huirudisha mbele sauti ambayo uwanja mtupu huiacha itawanyike. Kila uso mkubwa wa namna hiyo unaweza kuongeza hadi desibeli 6 kwenye noti za chini. Hata hivyo haikulifikia litungu.

Haki inanidai niseme upande wa pili. Spika bora za siku hizi zina koni za ziada zisizo na koili, wazo ambalo mhandisi wa sauti Harry Olson alilifanyia kazi tangu miaka ya 1930, na ndani yake kuna chipu inayoinua bezi kwa hesabu. Nimezisikiliza. Chumbani, kwa sauti ya chini, hupendeza sana. Ukizipandisha, chipu hiyohiyo huanza kuikata bezi ili kuiokoa koni, na katika uwanja wa harusi unabaki na sauti za juu tupu. Wanaozisifu huzipima chumbani, nasi huzitumia uwanjani.

Kwa hiyo nabaki na imani yangu: ubora wa spika ni ujazo wa boksi lake, na mengine hufuata. Mafundi niliowaona Kitale wakitoa koni kwenye ganda la plastiki na kuipachika katika boksi la plaiwudi wanaijua fizikia kuliko maandishi ya kwenye katoni. Nataka idara zetu ziwaalike pamoja na wachongaji wa litungu, wapime kwa maikrofoni yale ambayo mikono yao inayajua tayari. Na nataka Shirika la Viwango la Kenya lidai tarakimu mbili kwenye kila katoni ya spika inayoingia sokoni: hezi ya chini kabisa inayofikiwa, na desibeli ambazo spika inazimudu ikiwa kwenye hezi hiyo.