Homoni za Dukani

Leo tunamzungumzia mtu ambaye jinsia anayoiona nafsini mwake haiafikiani na aliyozaliwa nayo. Wengine husema transijenda. Ni mgonjwa wa akili? Shirika la Afya Duniani limesema hapana: Mei 2019 lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022, na hali hiyo haimo tena kwenye maradhi ya akili.

Hatari iko dukani. Transijenda asiye na daktari huenda akanunua vidonge vya uzazi wa mpango, akavimeza kwa wingi ili mwili ubadilike. Estrojeni, homoni iliyomo kwenye vingi vya vidonge hivyo, huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani, kwa mvutaji sigara ndiyo zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, kimbilia hospitali, umwambie daktari ulichomeza.

Februari 2017 Wizara ya Afya ya Tanzania ilisitisha huduma za VVU kwenye vituo vya mitaani vya makundi maalumu, wakiwemo watu kama huyu, ikawaelekeza watu kwenye vituo vya serikali. Basi wewe muuguzi wa kituo hicho, akija kwako, muulize dawa anazomeza. Mengine ya mgonjwa usiyapeleke kijiweni.