Mguse Mgonjwa Miguu
(Hotuba ya daktari, mwanafunzi wa zamani, katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Sitawachosha na majina ya dawa. Nitazungumzia jambo lisilohitaji mtambo wowote, nalo ni ngozi ya mgonjwa wa moyo aliye mahututi.

Nilipokuwa daktari mpya kabisa, usiku mmoja aliletwa mzee mwenye maumivu ya kifua. Nikampima presha, nikaona ya juu ni 110, nikaridhika. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akaniambia, "Daktari, hebu mguse miguu." Nikaitikia tu, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Alfajiri presha ilianguka. Nilipoitwa ndipo nilipomgusa: tangu vidole hadi magotini alikuwa baridi kama sakafu. Jua lilipochomoza alikuwa amefariki. Sijui kama ningemwokoa. Najua tu kwamba mwili wake uliniarifu mapema, nami sikusikiliza.

Wenzangu mnakumbuka tangi la maji la shule hii. Kiangazi, maji yakipungua, bomba za bustani zilifungwa kwanza ili jiko lipate. Mwili nao hufanya hivyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, mishipa midogo ya ngozi hubana ili ubongo na moyo wenyewe upate. Kwa hiyo presha yaweza kuonekana nzuri kwa muda, kumbe miguu imekwisha poa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1967, huko New York, madaktari Killip na Kimball waliwagawa wagonjwa 250 wa shambulio la moyo katika madaraja manne, kwa uchunguzi wa kitandani tu. Daraja la nne ni wale wenye presha ya chini, ngozi baridi na kijasho. Katika kila 100, walikufa 81. Mwaka 1969 Joly na Weil walionyesha kwamba joto la kidole gumba cha mguu huenda sambamba na kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo. Tiba imesonga mbele sana tangu hapo, lakini daraja hilo la nne bado ni la hatari kuliko yote.

Sasa nina neno kwa vijana watakaosomea udaktari na uuguzi. Vitabu vingi vitawaambia mtazame weupe wa uso na mabaka ya zambarau kuzunguka magoti. Vingi viliandikwa mbele ya wagonjwa weupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi mabaka hayo hujificha, na anayengoja kuyaona atachelewa. Basi tazameni midomo, viganja na kucha. Bonyezeni ncha ya kidole mpaka damu itoke, kisha mwachie mhesabu: ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, mna sababu ya wasiwasi. Zaidi ya yote, pitisheni mkono tangu goti hadi unyayo, mkatambue baridi inaanzia wapi. Mkono haubagui rangi.

Lakini msihukumu kwa dalili moja. Baridi ya hewa, au mshipa wa mguu ulioziba, huweza kuupoza mguu wa mtu ambaye moyo wake ni mzima. Gusa, andika saa, rudi uguse tena. Baridi inayopanda ni habari mbaya; joto linaloshuka tena kuelekea vidoleni ni habari njema kuliko nyingi nilizopata wodini.

Nanyi msiosomea utabibu: mzazi akishikwa na maumivu ya kifua, akatoka kijasho na mikono ikapoa, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali.

Yule mama muuguzi alistaafu zamani. Kila nifikapo kitandani kwa mgonjwa, kabla ya kushika kipimo chochote, hutii agizo lake.