Rangi Kwanza, Mashine Baadaye

Mazungumzo kwa vikundi vya mafundi vyuma vinavyoandaa maombi ya mkopo wa halmashauri



Miongoni mwa vifaa ambavyo vikundi vya wachomeleaji huulizia vinapoandaa maombi ya mikopo ya asilimia 10 ni bunduki ya kupulizia rangi kwa nguvu ya chaji ya umeme. Kifaa hiki ni kizuri, ila kina sharti ambalo halionekani kwa macho dukani: hakipatani na kila rangi. Kikundi kikikosea hapo, deni litabaki na kazi haitafanyika. Kikikosea zaidi, karakana itaungua.

Bunduki ya kawaida husukuma rangi kwa hewa ya kompresa. Sehemu kubwa ya ukungu wake hupita kando ya chuma na kuangukia sakafuni, na hiyo ni fedha iliyomwagika. Bunduki ya chaji ina elektrodi yenye volti nyingi sana, kwa kawaida kati ya 30,000 na 100,000, ingawa mkondo wake ni mdogo mno. Kila tone la rangi hupewa chaji, na chuma kinachopakwa huunganishwa na ardhi. Tone huvutwa na chuma hicho, na hata lile lililokwisha kupita hugeuka na kushika upande wa nyuma. Kwa sababu hiyo, kifaa hiki hufaa sana kwa grili za madirisha, vitanda vya bweni na miguu ya madawati. Kwenye pembe za ndani hakifiki vyema, na huko fundi hana budi kuzima chaji na kumalizia kwa njia ya kawaida. Ufundi wenyewe si mpya; Harold Ransburg wa Indianapolis, Marekani, alikuwa akiuendeleza tangu miaka ya 1940.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yangu. Zipo rangi zipitishazo umeme. Rangi za maji ni mojawapo, na zile zenye unga wa madini, kama rangi ya fedha iliyotiwa aluminiamu, nazo huweza kuwa hivyo. Ukitia rangi ya namna hii katika bunduki ya chaji isiyotengenezwa kwa ajili yake, umeme hauendi kwenye matone. Hurudi nyuma kupitia rangi iliyo ndani ya mpira, ukafika kwenye ndoo, ukaishia ardhini. Volti huanguka, rangi haivutwi tena, na kikundi hubaki na mashine ya gharama inayofanya kazi ya bunduki ya kawaida.

Njia za kulitatua tatizo hilo zipo. Ya kwanza ni kuitenga rangi yote na ardhi: ndoo huwekwa juu ya vihami, ndani ya kizimba ambacho mlango wake ukifunguliwa hukata umeme na kuishusha chaji ardhini. Ya pili ni bunduki yenye elektrodi za nje, ambazo hulipa tone chaji baada ya kutoka mdomoni, hivyo ndoo inaweza kubaki imeunganishwa na ardhi. Ya tatu ni kukubali kwamba kwa rangi hiyo bunduki ya kawaida yatosha.

Njia ya kwanza ni ya rangi ya maji isiyowaka, wala si ya rangi yenye thina. Hebu tupige hesabu. Ndoo iliyotengwa na ardhi hutunza chaji. Ikiwa uwezo wake wa kutunza ni pikofaradi 200, nayo imefikia volti 60,000, nishati iliyomo ni jouli 0.36. Mvuke wa thina uliochanganyika na hewa huweza kuwashwa na cheche isiyofikia jouli 0.001. Ndoo moja, basi, ina nguvu ya kuwasha moto zaidi ya mara 300. Asiwepo fundi atakayetoa rangi ya maji katika kizimba hicho akatia rangi ya thina kwa sababu tu mteja ana haraka.

Na ardhi isidharauliwe. Chuma kisichounganishwa na ardhi hujaa chaji na kuweza kutoa cheche, na ukungu wa rangi humrudia mpuliziaji mwenyewe. Ndoano iliyoganda rangi hukata muunganisho, kwa hiyo ikwanguliwe mara kwa mara. Upinzani kati ya chuma na ardhi usizidi megaomu 1, na upimwe kwa kipimo, usikisiwe. Mpuliziaji naye aunganishwe na ardhi: asivae kandambili za mpira, bali viatu vinavyoruhusu chaji kushuka, na kiganja chake kiguse mpini wa bunduki. Simu, funguo na kiberiti vibaki nje ya kibanda.

Ndugu zangu, mkopo huu hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hurejeshwa ili wengine nao wakopeshwe. Nawasihi muandike kwanza jina la rangi mtakayotumia, kisha mumtake muuzaji athibitishe kwa maandishi kuwa mashine yake inaifaa. Ingizeni katika bajeti fimbo ya ardhi, kipimo cha upinzani, feni ya kutoa mvuke na barakoa zenye vichujio. Kumbukeni pia kuisajili karakana kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mtu wa Zimamoto aombwe kulikagua eneo kabla ya kazi kuanza.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mashine ya bei ndogo isiyoifaa rangi yenu ndiyo ghali kuliko zote.