Anzeni na Gurudumu: Kuuweka Sawa Msumeno wa Mkanda wa Bei Nafuu katika Karakana ya Nyumbani

Mada kwa mafundi seremala na waunda vyombo, Kisiwa Panza, Pemba



Nimeombwa nizungumzie msumeno wa mkanda: mashine yenye magurudumu mawili, moja juu na jingine chini, na mkanda wa chuma wenye meno unaoyazunguka. Nitashughulika na ile ndogo tunayoweza kuinunua, ya gurudumu la inchi 8 au 10, mota isiyofika nguvu farasi moja, na fremu ya bati lililokunjwa. Malalamiko yake nayasikia kila nikikaa na mafundi. Hupotoka ilhali mstari umepigwa vizuri. Hutetemeka. Mkanda hutoka, au hukatika kabla haujapata kuwa butu. Ninaloliamini, na nitalisimamia hadi mwisho, ni kwamba ugonjwa wa mashine hizi mara nyingi uko kwenye mkanda na magurudumu, na fundi anahangaika na vishikizi vya mkanda na mwongozo wa ubao, mahali ambapo ugonjwa unaonekana tu. Ukianza kwenye gurudumu, mashine ya bei ndogo itakufanyia kazi ya heshima.

Jambo hili lina uzito zaidi hapa kwetu. Mbao ya mvule au mninga inayofika Kisiwa Panza imelipiwa mara mbili, kwanza kwa muuzaji kisha kwa chombo kilichoivusha. Msumeno wa duara hula kiasi cha milimita 3 za mbao kila unapopita, na wa mkanda hula kama milimita 1. Pasua gogo moja kwa mipasuo tisa, umeokoa milimita 18, nao ni ubao mzima usiogeuka vumbi. Mikoko iliyotuzunguka si ya kukata ovyo; Zanzibar ina Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996. Kuitumia vizuri mbao iliyokwisha kukatwa ndiyo njia iliyo mikononi mwetu.

Niseme wazi pia kisichowezekana. Mashine hii haitachonga mkuku wa jahazi. Nafasi ya kupitisha mbao kwa kawaida ni milimita 80 hadi 150 tu. Lakini mataruma ya ngalawa na vidau, makasia, marufaa, miguu ya vitanda, mbuzi za kukunia nazi, kila chenye mkunjo, hapo ndipo pake. Tezo linabaki na heshima yake kwa kumalizia.

Tuanze na mkanda wenyewe, maana historia ya mashine hii ni historia ya mkanda. Mwingereza William Newberry aliibuni mwanzoni mwa karne ya 19, ikakaa miongo kadhaa bila faida kubwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuziunga ncha mbili za mkanda zikadumu. Mkanda ulipinda na kunyooka maelfu ya mara, kisha ukakatika kwenye kiungo. Mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin, alipata hataza ya namna ya kuunga iliyofaa. Kampuni ya Perin ya Paris ikainunua, ikatumia chuma bora zaidi, na msumeno wa mkanda ukaingia viwandani. Lililoizuia mashine miaka yote hiyo ndilo linalotusumbua bado: chuma kinachopindwa kupita uwezo wake.

Ndiyo maana unene wa mkanda ni wa kutazamwa kabla ya bei. Gurudumu dogo hukipinda chuma kwa ukali kuliko gurudumu kubwa. Mkanda wa milimita 0.64 uliotengenezwa kwa mashine ya inchi 14 utachoka upesi ukizungushwa kwenye gurudumu la inchi 8, hata kama umeungwa vyema. Tafuteni wa milimita 0.36 hivi. Upana nao una hesabu yake. Karatasi ya mashine ikisema inapokea milimita 12, msiichukue kuwa amri: fremu ya bati hujipinda kabla mkanda mpana haujakazika ipasavyo. Mkanda wa milimita 6 unakunja kona ya nusu kipenyo cha milimita 16. Wa milimita 10 unataka kiasi cha milimita 36. Kwa mataruma madogo na marufaa, wa 6 unatosha. Kwa kupasua ubao ulionyooka, wa 10 ni bora. Na meno: matatu au manne kwa inchi kwa mbao nene, sita kwa kazi za kila siku, kumi na kuendelea kwa vibao vyembamba. Meno mengi kwenye mbao nene hujaa vumbi, mkanda ukapata moto na kuanza kutangatanga. Mkanda unaokuja na mashine ya bei nafuu mara nyingi ni dhaifu. Fedha ya kwanza baada ya mashine iende kwenye mkanda mzuri.

Sasa chomoeni plagi. Fungueni milango yote miwili, mtoe mkanda, mzungushe kila gurudumu kwa mkono. Sikilizeni beringi: ikikwaruza, badilisheni, hata kama mashine ni mpya. Tazameni mpira uliovishwa gurudumu. Unapaswa kubinuka kidogo katikati, maana ubinuko huo ndio unaouvuta mkanda ukae mahali pake. Vumbi likigandamana juu yake, ubinuko hupotea na mkanda huanza kuhama. Likwangueni kwa brashi kavu au kijiti. Msipake mafuta yoyote, wala sifa ya papa, kwani mafuta huuharibu mpira.

Rudisheni mkanda, meno yakitazama chini yanapopita juu ya meza, mkaukaze kiasi. Wekeni rula ndefu iliyonyooka iguse kingo za magurudumu yote mawili. Ikigusa moja na kuliacha jingine, yako kwenye safu mbili tofauti, na mkanda utasukumwa upande mmoja daima. Kwenye mashine nyingi ndogo dawa yake ni washa moja au mbili nyuma ya gurudumu, kwenye ekseli. Kazi hii huchukua muda na hapana anayeifurahia, lakini ndiyo inayoitofautisha mashine inayotii na ile inayosukumwa kwa nguvu. Baada ya hapo, zungusheni kwa mkono huku mkigeuza skrubu ya kuliinamisha gurudumu la juu hadi mkanda utulie katikati ya mpira. Zungusheni mizunguko mingi, kisha fungeni milango, ndipo muwashe.

Kukaza kuna njia mbili ninazozikubali. Alama zilizochorwa na kiwanda kwenye springi sizitegemei, maana springi za bei nafuu hulegea. Ya kwanza: pandisheni vishikizi vya juu hadi mwisho, mchomoe plagi, msukume mkanda kwa kidole kutoka ubavuni, usogee milimita 5 au 6, usizidi. Ya pili ni kwa macho. Vishikizi vikiwa vimerudishwa nyuma visiguse kitu, washeni mashine, mlegeze kidogo kidogo mpaka mkanda uanze kupepea, kisha mkaze mpaka upepeaji ukome, na muongeze robo ya mzunguko. Jioni kazi ikiisha, ulegezeni. Springi, mpira na beringi vyote vitadumu zaidi.

Hapo tu ndipo vishikizi vinapopata zamu yao. Kazi yake ni kuuzuia mkanda usiyumbe mbao inapousukuma. Haviwezi kuunyoosha mkanda uliolegea au gurudumu lililokaa upande. Vya ubavuni viacheni mbali na mkanda kwa unene wa karatasi, na kingo zake ziishie nyuma ya mabonde kati ya meno. Vikisogea mbele vitayala meno na kuyanyoosha, na mkanda wa leo utakuwa wa kutupwa kesho. Beringi ya nyuma iache nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja. Isizunguke mashine inapokwenda bure, izunguke mbao inapousukuma mkanda nyuma. Fanyeni hivyo juu na chini ya meza. Vya chini husahaulika kwa sababu havionekani. Wakati wa kukata, kishikizi cha juu kiwe karibu na mbao, kama milimita 5 juu yake. Ni kwa ajili ya mpasuo ulionyooka, na ni kwa ajili ya vidole.

Meza ipimeni kwa guni dhidi ya mkanda, kisha msiiamini guni peke yake. Kateni kipande cha mbao, mgeuze nusu moja, mziunganishe sura mbili zilizokatwa. Mwanya ukitokea, ni maradufu ya kosa la meza, kwa hiyo kosa dogo kabisa litaonekana.

Kuna kupotoka kunakobaki hata baada ya yote hayo. Kila mkanda una upande wake kidogo, kwa sababu meno hayakupindwa sawasawa kulia na kushoto. Msishindane nao. Pigeni mstari sambamba na ukingo wa ubao, mkate kwa mkono bila mwongozo, mkifuata mstari, na mfikapo katikati mzime mashine bila kuusogeza ubao. Ubao utakuwa umekaa kwa pembe fulani juu ya meza. Ichore pembe hiyo, fundi, na ulaze mwongozo wako juu yake. Mkanda ukibadilishwa, jaribio lirudiwe. Pembe ikiwa kubwa sana, mkanda umekuwa butu upande mmoja, na hapo mwongozo hausaidii.

Umeme. Pemba iliunganishwa na gridi mwaka 2010 kwa waya uliolazwa baharini kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Lakini umeme unaofika kisiwani si lazima ufike bandani ukiwa na nguvu. Mota ya aina hii ikipata volti pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi, ikapata moto na kuungua. Ekstensheni ndefu ya waya mwembamba ndiyo inayoua mota nyingi. Tumieni waya wa milimita mraba 2.5, mfupi iwezekanavyo, na msiuache ukiwa umezongwa kwenye kibiringo wakati wa kazi. Anayetumia jenereta akumbuke kwamba mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida.

Mbao zetu nazo zina tabia. Mvule huficha mawe ya chokaa ndani ya mti, na jiwe moja huvunja meno kwa mpito mmoja; ukisikia mlio umebadilika, acha kusukuma. Vumbi lake huwasha kifua, basi barakoa ivaliwe. Mfenesi una utomvu unaoganda kwenye meno, uondoeni kwa mafuta ya taa mkanda ukiwa nje ya mashine. Mnazi mgumu una chembechembe za mchanga wa asili zinazofanya meno kuwa butu upesi. Tengeni mkanda wa zamani kwa ajili yake. Hewa ya chumvi huleta kutu kwenye meza ya chuma kwa siku chache, na nta ya nyuki iliyosuguliwa vizuri inaizuia bila kuichafua mbao. Glavu, mikono mirefu ya kanzu na ncha za kikoi visiukaribie mkanda. Watoto nao, kwa kuwa karakana yetu ni ua wa nyumba.

Limebaki la kupata mikanda, nalo naliomba tulimalize pamoja leo. Mikanda mifupi ya mashine hizi ni adimu madukani, ila anayeagiza mingi husikilizwa. Tena mkanda uliokatika unaweza kuungwa upya: ncha zinapigwa tupa ziwe nyembamba na kulaliana, kisha zinashikwa kwa lihamu ya fedha na moto wa kadiri. Sonara wetu wana lihamu hiyo na wana mkono wa kazi hiyo, na napendekeza mmoja wao aalikwe kwenye semina ijayo atufundishe. Aliyepoteza mkanda wake wa zamani apime umbali kati ya ekseli mbili gurudumu la juu likiwa katikati ya mwendo wake, azidishe mara mbili, aongeze kipenyo cha gurudumu mara 3.14. Gurudumu la milimita 250 na umbali wa milimita 470 hutoa 940 jumlisha 785, yaani mkanda wa milimita 1,725. Kila mmoja aandike kipimo chake, upana na idadi ya meno anayohitaji, ampe katibu kabla hatujaanza mazoezi ya alasiri, ili oda iende Chake Chake ikiwa moja.